Kura Juu ya Maziwa Yangu

Jumatatu, 12 Oktoba 1970

Mvua ya vuli imeanza alfajiri, na dari inavuja pale pale ilipovuja mwaka jana. Nimetega sufuria mbili na beseni. Baada ya Mapinduzi nilipewa nyumba hii ya Kiponda, ghorofa ya juu nzima, lakini fundi sikupewa. Chini, katika vyumba viwili vya uani, anakaa Bi Raya binti Nasor na bintiye Ghania. Nyumba ilikuwa yao. Zamani wao walikaa juu, mama yangu akawapikia, na mimi nikazaliwa katika kile chumba anacholala Bi Raya sasa. Tunasalimiana asubuhi na jioni, basi. Sina ugomvi naye na sina mapenzi naye.

Daftari hili nimelinunua kwa kuwa siku hizi mtu akisema sana husikiwa. Kuandika hakuna sauti.

Jumatano, 14 Oktoba

Ghalani tangu asubuhi, tunachambua karafuu. Mikono inanuka hata kwenye ugali. Hakuna jipya.

Ijumaa, 16 Oktoba

Kaka Jaku kaja baada ya sala na pishi ya mchele, na mchele siku hizi si kitu cha kuja nacho mtu bila sababu. Jaku ni kaka yangu wa tumbo moja, ndiye aliyenilea baba alipokufa, na ndiye mwenyekiti wa tawi letu la chama. Kakaa, kanywa chai, kisha kasema anataka kumuoa Ghania. Nikacheka. Nilidhani ananifanyia mzaha, maana ana wake wawili na mvi mpaka kifuani, na yule mtoto ana miaka kumi na saba. Yeye hakucheka.

Kasema posa keshapeleka na Bi Raya hajajibu. Sasa jambo litakwenda kwenye kamati, kwa sababu Mmanga, yaani Mwarabu, anayemkatalia Mwafrika posa ni mbaguzi, na ubaguzi hapa ulishakwisha. Tena matawi mengine yameshatoa ndoa kama hizi mbili tatu na yakapigiwa makofi mkutanoni, letu halijatoa hata moja, na yeye anaulizwa kwa nini. Akanikumbusha kuwa mimi ni mjumbe. Ukimtoa yeye tuko wanne: Hamad katibu, Mzee Jecha mchukuzi wa bandarini, Mashavu ninayechambua naye karafuu, na mimi.

"Mkono wako nshauhesabu," kanambia.

Nikasema vyema, kaka. Ndivyo nilivyosema.

Jumapili, 18 Oktoba

Nimekaa nikifikiri, na kusema kweli Jaku hajakosea kila kitu. Bibi yetu mzaa mama, Bibi Sichana, aliletwa kutoka Nyasa hata ungo hajavunja, akawekwa katika shamba la babu yake Bi Raya huko Kidichi, na kwa aliyofanyiwa huko hakuna kamati iliyokaa. Mama akitaja habari zake alikuwa akishusha sauti hata baada ya wenyewe kufa. Kuna upande ndani yangu unaosema basi na wao waonje. Nauandika upande huo kwa sababu upo. Halafu nikimsikia yule mtoto chini anachota maji, moyo unanigeuka, naikasirikia nafsi yangu, na yeye pia namkasirikia kwa kunifanya nikasirike.

Jumanne, 20 Oktoba

Mvua. Beseni limejaa mara mbili.

Jumatano, 21 Oktoba

Leo Bi Raya kapanda ngazi. Tangu mwaka sitini na nne hajakanyaga huku juu, na nilipofungua mlango nikamwona kashika ukuta, anahema, nilidhani mtu kafa.

Nikamkaribisha kitini, akakaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia Bi Raya, kiti kipo. Akasema hapa panatosha. Alikuwa na khofu, na khofu ya mtu aliyewahi kukuamrisha ni kitu kibaya kukitazama. Macho hujui uyapeleke wapi.

Akaniuliza kama nakumbuka mwaka aliozaliwa Ghania. Nikamwambia ntasahau vipi.

Mwaka ule mimi nilijifungua mtoto wa kiume na hakufikisha arobaini. Tumemzika, nimerudi, kifua kimejaa maziwa, nguo zinalowa, na hakuna wa kumpa. Wiki ile ile Bi Raya kajifungua Ghania, akashikwa na homa kali, ziwa halitoki tone. Mtoto analia nyumba nzima. Mama yangu ndiye aliyenambia panda. Nikapanda, nikampakata, nikamnyonyesha jioni, nikamnyonyesha usiku, nikamnyonyesha alfajiri. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama nimerudishiwa pumzi. Kulipokucha akaingia mama mkwe wake, Bibi Mkubwa, akaniona. Akamchukua mtoto kifuani pangu, akaagiza maji ya chumvi, akatia kidole kinywani mwa yule mtoto akamsafisha kama aliyekula najisi. Kisha akasema mjukuu wake hanyonyi maziwa ya mtumwa. Bi Raya alikuwa kalala pale pale kitandani, macho wazi. Hakusema kitu. Mimi nikateremka, nikajifunga kitambaa kifuani mpaka maziwa yakakauka.

Miaka kumi na saba hatujalitaja jambo hilo, na leo yeye ndiye kalitaja. Kasema, "Mwanapili, wewe umemnyonyesha mwanangu. Wewe mama yake. Jaku ni kaka yako, basi kwa mtoto ni mjomba wa ziwa, na mjomba haoi mpwawe. Wakikuuliza mbele ya kamati, sema."

Nikamuuliza, siku ile ya maji ya chumvi nilikuwa mama yake au sikuwa?

Akalia. Sikumnyamazisha. Nilimwacha alie mpaka akachoka, na nilipata raha kidogo, Mungu anisamehe, halafu raha ile ikawa chungu.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimekwenda kwa Maalim Usi, aliyenisomesha Kurani utotoni. Nimemweleza bila kutaja jina la mtu, ingawa nadhani kajua. Kanambia sisi Washafii ziwa halimfanyi mtoto kuwa wako mpaka anyonye mara tano, tena za kushiba. Kwa Maibadhi, dhehebu la kina Bi Raya, hata mara moja inatosha. Akaniuliza ni mara ngapi. Nikasema tatu. Akavuta ndevu.

Basi nimerudi njia nzima nikicheka peke yangu kama mwehu. Bibi Mkubwa angeniacha siku moja tu zaidi, zingetimia tano, na leo hakuna mwanamme wa tumbo letu ambaye angeweza kumgusa mjukuu wake. Waliyaona maziwa yangu machafu, na ndiyo yaliyokuwa yamlinde.

Jumapili, 25 Oktoba

Foleni ya mchele tangu asubuhi. Mashavu alikuwa mbele yangu. Nikamuuliza atanyoosha vipi. Kasema yeye mume wake anatoka jela mwezi wa kwanza, Inshallah, na Jaku ndiye aliyeandika barua ya kumwombea. "Mimi mkono wangu si wangu, shoga," kasema. Mchele umekwisha kabla hatujafika.

Ijumaa, 30 Oktoba

Leo kura ya Rais. Nimepanga foleni, nimepiga, nimerudi kupika. Hiyo ilikuwa nyepesi.

Jumapili, 1 Novemba

Mwezi umeandama jana, leo tumefunga. Watu hawaoi ndani ya Ramadhani, kwa hiyo Ghania ana mwezi mzima. Nimemwona uani anaanua nguo mvua ilipoanza. Kaniamkia, "Shikamoo, Bi Mwanapili," nikamjibu marahaba, nikapita haraka. Ana shingo ndefu ya baba yake, yule aliyeuawa huko Mtoni siku zile za Mapinduzi. Sipendi kuziandika siku zile.

Alhamisi, 5 Novemba

Nimemwambia Jaku. Niliona bora alisikie kwangu kuliko mbele ya watu. Alikuja kufuturu, nikangoja mpaka kanywa uji, nikasema kaka, yule mtoto nilimnyonyesha.

Hakukasirika. Kaniuliza mara ngapi, kumbe naye anajua. Nikasema tatu. Akatabasamu, akapangusa mdomo.

"Tatu si tano, Mwanapili. Usijitie matatani."

Kisha akanikumbusha nani alinipatia nyumba hii, nani alinitia ghalani, nani alilala nami hospitali mwaka nilipougua homa ya matumbo. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehesabu watoto wake. Na yote kweli. Nikampakulia tambi, akala, akasifu.

Jumanne, 10 Novemba

Ghalani, saumu, mvua. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 12 Novemba

Bi Raya kapanda tena. Sasa keshasikia habari ya tano, sijui kwa nani, nyumba hizi kuta zina masikio. Safari hii hakuzunguka. Kanishika miguu na kuniomba niseme tano.

Nikamwambia Bi Raya, nitaapishwa, na Msahafu, ndani ya Ramadhani. Akasema Mungu anajua nia. Nikamwambia Mungu anajua na hesabu pia. Akasema, "Mbili tu, Mwanapili. Nakuomba mbili tu."

Alisema hivyo kama mtu anayeomba vibaba viwili vya unga. Nikamwinua. Sikumuahidi, na sikumkatalia.

Jumamosi, 14 Novemba

Sijalala. Nikisema tano, mtoto ataokoka na mimi nitakuwa nimekula yamini ya uongo kwa mkono juu ya Kurani. Nikisema tatu, nimesema kweli, na kweli yangu itamvua mtoto nguo mbele ya kaka yangu. Nikinyamaza, nimefanya kama alivyofanya Bi Raya kitandani siku ile, macho wazi. Hilo la mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Na wapo watakaosema nimewageuka watu wangu. Watasema Mwanapili binti wa mpishi anawatetea waliomwita mamake hadimu. Watakuwa na haki ya kusema. Ningelikuwa mimi nimesikia habari hii ya mtu mwingine, ningesema hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Jumanne, 17 Novemba

Ukuta wa nyumba ya jirani umeanguka kwa mvua saa ya adhuhuri. Mawe na udongo mpaka nusu ya kichochoro. Hakuna aliyeumia. Watu walitoka kutazama, wakarudi ndani.

Ijumaa, 20 Novemba

Kamati imekaa leo baada ya alasiri, ofisini kwa tawi. Naandika yote kwa sababu kesho ntaanza kuyapunguza.

Jaku alifungua mkutano, akasema kwa kuwa jambo linamhusu yeye atatoka nje, na kura zikilingana ataitwa aamue. Hakuna aliyesema kwamba hapo pana kasoro. Akatoka, tukamwona kupitia dirishani kasimama chini ya bati, mvua inamwagika mbele yake.

Hamad akaendesha. Hamad ni kijana wa miaka thelathini hivi, mkali wa maneno, anavaa kalamu mbili mfukoni. Akasoma kwamba posa ya mwenyekiti imekataliwa kwa sababu ya rangi. Bi Raya aliitwa mlangoni, akasema si rangi, ni ziwa, na mwenye ziwa ni Bi Mwanapili. Akaambiwa angoje nje. Ghania hakuitwa.

Msahafu ukaletwa. Nikatia udhu kwenye mtungi wa ofisini, nikaweka mkono. Mashavu akaniinamia kunishika kiwiko. Nilikuwa nimekwenda pale na tano mdomoni. Wallahi, nilikuwa nimeiandaa, nimeirudia njia nzima, jioni na usiku na alfajiri na jioni na usiku. Lakini mkono ulipogusa jalada, ikawa haipandi. Nikasema tatu.

Hamad akapumua, akasema basi, sisi Washafii, tatu si kitu, tunyooshe mikono tukafuturu.

Nikasema sijamaliza. Nikasema hivi, na namshukuru Mungu sauti ilitoka: "Mtoto ni wa kina nani? Ni Maibadhi. Kwao mara moja ni ziwa. Basi hukumu ni ya mtoto, si yangu. Mimi kwa mtoto yule ni mama."

Hamad akaweka kalamu chini. "Kwa hivyo leo tawi hili linafuata dini ya Waarabu?"

Nikamwambia dini si ya Mwarabu. Nikamwambia mimi ndiye niliyeambiwa maziwa yangu ni ya mtumwa, siye yeye. Mwarabu aliyafuta kwa chumvi, akasema hayahesabiki. Na leo nyinyi, watu wangu mwenyewe, mnataka kusema vile vile, hayahesabiki. Nikasema nimechoka kuambiwa hayahesabiki. Nililia nikisema hayo, na kwa mimi kulia mbele ya Hamad ni jambo kubwa.

Mzee Jecha alikuwa anatazama sakafu. Hamad akasema haya, wanaoona ziwa lipo, wanyooshe.

Nikanyoosha. Nikafumba macho, na nilipofumbua nikaona mkono wa Mashavu uko juu kando ya wangu, na uso wake umekuwa wa kijivu. Mashavu, na mume wake jela. Sijui nimlipe nini.

Wanaoona halipo. Hamad akanyoosha wa kwake. Mzee Jecha akaupandisha wake mpaka begani, akaushusha, akaupandisha. Wanawe wawili wanabeba mizigo bandarini kwa cheti cha Jaku. Hakuniangalia.

Wawili kwa wawili. Jaku akaitwa.

Kaingia kalowa mabega. Hamad akamweleza. Jaku akanitazama muda mrefu, na sikuona hasira, niliona kitu kama uchovu. Akasema, "Yule mwanao nilimchimbia kaburi mimi mwenyewe. Nakumbuka nguo zako zilivyokuwa zimelowa." Kisha akasema anaongeza kura yake kwetu. Ziwa lipo. Mimi ni mama wa Ghania.

Moyo wangu ulipaa. Nilitaka kumwangukia miguuni. Kaka yangu, nikasema moyoni, kaka yangu ni mtu, kumbe.

Akakaa kwenye kiti cha mwenyekiti, akapangusa maji usoni. Akasema sasa kama yeye ni mjomba wa mtoto, na mtoto hana baba wala kaka, basi mjomba ndiye mkubwa wake. Tawi limeahidi ndoa kabla ya mwaka kwisha, na ahadi itatimizwa. Ghania anamuoza kwa Hamad. Idd ya pili.

Nikasema kaka, mjomba si walii wa kuozesha, sembuse wa ziwa, muulize sheikh yeyote. Akasema sheikh atatafutwa.

"Umetaka kura, Mwanapili. Kura imepigwa."

Hamad akachukua kalamu yake, akaandika. Hakuonekana kushtuka sana. Nje adhana ikatoka, na watu wote wanne wakanyoosha mikono kwenye sahani ya tende. Mimi nilifuturu njiani, maji ya mferejini.

Jumamosi, 21 Novemba

Bi Raya hakufungua mlango nilipogonga.

Alhamisi, 26 Novemba

Nimezunguka kwa masheikh watatu. Wote wamesema haifai. Wote wamesema wao si wa kwenda kusema.

Jumanne, 1 Desemba

Idd mosi. Nimesali nyumbani. Jaku kaleta nyama na kitambaa cha gauni. Nimepokea nyama, kitambaa nimekirudisha. Kasema ntazoea.

Jumatano, 2 Desemba

Wameoana ofisini saa nne asubuhi. Alipatikana mtu wa kuozesha, simjui, kaletwa na gari. Palipigwa makofi na picha. Ghania alikuwa kavaa buibui jipya na uso kauinua, hakulia. Hamad alikuwa na kalamu zake mbili.

Jumapili, 6 Desemba

Leo Hamad kaleta mkaja, kile kitu cha heshima anachopewa mama wa bibi harusi kwa tumbo alilobebea. Doti mbili za kanga, nzuri, wala si za foleni. Kaleta kwangu. Nikamwambia umekosea mlango, mama yake yuko chini. Akasema kamati imeandika mama ni wewe.

Nikazichukua kanga nikateremka. Bi Raya alikuwa kakaa kitandani. Ghania alikuwa sakafuni anafunga mzigo, maana Hamad kahamishiwa Pemba, Wete, na kesho wanapanda meli. Nikamwekea Bi Raya kanga mapajani. Akazisukuma zikaanguka. Hakuniangalia, na sikuweza kumlaumu.

Ghania akaziokota, akazikunja upya, akanipa mikononi. Akanambia nikae. Nikafudikiza ndoo, nikakaa.

Tangu nimjue sijapata kumsikia akisema maneno mengi kwa pamoja kama leo. Alisema taratibu, huku akiendelea kufunga. Alisema yeye alikuwa keshaamua. Posa ya Jaku ilipokuja alimwambia mamake waikubali. Jaku mzee, ana wake wawili, angekuja kwa zamu yake na kuondoka, na siku zilizobaki angebaki humu humu Kiponda na mama yake, ambaye hana mtu mwingine duniani. Jaku mwenyewe alikuwa keshasema Bi Raya asihamishwe. Si kwamba alimtaka. Alikuwa kalipima jambo kama mtu anayepima kisima kipi kina maji machache, akijua lazima atumbukie kimojawapo. Mamake hakukubali, akapanda kwangu kwa siri, na mimi nikashika njia yangu ya masheikh na Msahafu na kamati.

"Pemba simjui hata mtu mmoja," kasema. "Na Mama nani atamchotea maji?"

Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini hukunambia?

Akaacha kamba. Akanitazama, wala si kwa chuki. "Bi Mwanapili, tunakutana uani kila siku. Uliwahi kuniuliza?"

Sikuwahi. Mwezi na zaidi niliuchungulia moyo wangu kila pembe, dini yangu, rangi yangu, kaka yangu, hasira yangu, na Bibi Sichana aliyekwisha kufa, nikajiona natenda kwa ajili yake. Nilimpitia mbio uani ili nisimtazame. Hata siku ya kamati, alipokosa kuitwa, sikusema aitwe. Niliandika tu kwamba hakuitwa.

Nikamwambia ntamchotea mamako maji mimi. Akasema ahsante. Bi Raya akageukia ukutani.

Akamaliza kufunga mzigo, akasimama, akachukua mkono wangu akaubusu kama binti anavyomuaga mzazi wake, kwa heshima kamili, hakuna aliyemlazimisha. Akasema, "Kwaheri, Mama."

Miaka kumi na saba nilikuwa nikilitaka neno hilo kinywani mwake. Nikaitika naam. Kamati ilishapitisha.